Bundi wa Shimoni: Mwongozo Kamili wa Kudhibiti Kindi wa Ardhini Bila Kumzika Jirani Yao

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukingoni mwa mfereji wa umwagiliaji California. Mfanyakazi anashuka garini na koleo na boksi la katriji za gesi. Mbele yake, juu ya kifusi cha udongo mdomoni mwa shimo, amesimama ndege wa kimo cha shubiri, miguu mirefu kama ya kuazima, macho ya manjano. Anachuchumaa, anainuka, anachuchumaa, anainuka. Mfanyakazi anainama kufunga kamba za viatu. Akiinua kichwa, ndege hayupo, na angani hakuna kilichoruka. Anaanza kazi: shimo la kwanza, la pili, mpaka la tisa. Kwenye la tisa anawasha katriji, anaitumbukiza, anaziba kwa udongo na kuukanyaga.

Bundi alikuwa humo. Ndege huyu akitishwa haruki kila mara; mara nyingi hushuka chini. Tabia hiyo humwokoa kwa mwewe, lakini kwa mtu mwenye gesi ndiyo inayomuua. Na kama ni Aprili, yule aliyeonekana juu alikuwa dume mlinzi tu. Jike alikuwa chini muda wote, amelalia mayai, na asingeonekana hata kama mfanyakazi angekaa pale kutwa.

Mwongozo huu ni wa mtu anayelazimika kupunguza wanyama wachimbaji magharibi mwa Marekani: mkulima wa lozi, mfugaji, mtunza mifereji, fundi wa kudhibiti visumbufu. Sisemi uache kazi. Kindi akitoboa tuta la kuzuia mafuriko, maji hayatauliza nani alikuwa na huruma. Nasema kila shimo lihesabiwe lina bundi mpaka uthibitishe halina, na kuthibitisha huko kuna utaratibu wake.

Mpangaji na fundi wake

Bundi wa shimoni, ambaye wanasayansi humwita Athene cunicularia, ana uzito wa gramu 150 hivi na urefu wa sentimita 19 hadi 25. Hana vishungi vya masikioni, ana nyusi nyeupe, na huonekana mchana ingawa huwinda zaidi alfajiri na machweo. Chakula chake ni panzi, nyenje, mbawakavu na panya wadogo. Msomaji aliyezoea bundi wa juu ya paa na usiku wa manane amsahau kidogo; huyu utamkuta juani, chini, akikutazama.

Jambo la kushika ni hili: magharibi mwa Marekani bundi huyu kwa kawaida hachimbi. Wa Florida huchimba wenyewe, lakini wa magharibi hukaa katika mashimo ya wengine. California mchimbaji wake mkuu ni kindi wa ardhini. Kwenye nyika za katikati ya nchi ni preridogi, mnyama wa jamii hiyohiyo ya kindi anayeishi kwa makundi makubwa. Kwingine ni nyegere wa Marekani, na jangwani hata kobe. Kindi humtengenezea bundi nyumba, humfyekea majani mbele ya mlango ili aone adui akija, na hupiga kelele za tahadhari ambazo bundi naye huzisikiliza. Fundi akiondoka, nyasi hurefuka na mashimo huanza kuporomoka, na baada ya miaka michache mpangaji hana pa kuingia.

Kwa hiyo kuna njia mbili za kumpoteza bundi. Moja ni kumuua leo shimoni. Nyingine ni kuwamaliza kindi wote kwa usafi kabisa, bila kugusa unyoya mmoja, halafu kushangaa mwaka wa tatu kwamba bundi wamehama. Miongozo mingi huizungumzia ile ya kwanza na kuiacha ya pili. Nitazigusa zote.

Kabla ya kununua chochote, piga simu

Sheria ya shirikisho inayolinda ndege wahamao, ya mwaka 1918, inamhusu bundi huyu popote Marekani. California inaongeza vifungu 3503 na 3503.5 vya sheria zake za samaki na wanyamapori, vinavyokataza kuharibu viota na mayai, na hasa vya ndege wawindaji. Shimo ndilo kiota, hivyo kulifukia shimo lenye bundi ni kuharibu kiota. Oktoba 2024 tume ya wanyamapori ya jimbo hilo ilimkubali bundi wa shimoni wa magharibi kama mgombea wa orodha ya viumbe walio hatarini, na mgombea hupewa ulinzi kama aliyekwisha kuorodheshwa wakati uchunguzi ukiendelea. Kanada wamemweka katika kundi la walio hatarini kutoweka.

Piga simu kwanza ofisi ya kilimo ya kaunti, kisha idara ya wanyamapori ya jimbo. Uliza mambo matatu: kama kuna kumbukumbu za bundi karibu na eneo lako, sumu ipi inaruhusiwa hapo mwaka huu, na nani ana kibali cha kukagua mashimo. California ilianza kuzibana sumu za kuzuia damu isigande mwaka 2021 kwa zile za kizazi cha pili, yaani mpya na kali zaidi, ikaongeza diphacinone mwaka 2024, kisha chlorophacinone na warfarin mwaka 2025, huku ikiacha misamaha kadhaa ikiwemo ya kilimo. Aliyesoma sheria miaka mitano iliyopita hajui sheria ya leo. Na lebo ya kiuatilifu ni sheria kamili: kuitumia sumu kinyume na lebo ni kosa hata kama hukuua bundi yeyote.

Kalenda inayogombana na yenyewe

Hapa ndipo kazi ilipo ngumu. Kindi wa California hufukizwa, yaani huuawa kwa gesi shimoni, vizuri zaidi mwishoni mwa majira ya baridi na mwanzo wa machipuko, takriban mwisho wa Februari hadi mwanzo wa Aprili. Wakubwa wameshaamka, hawajazaa au ndio kwanza wanazaa, na udongo una unyevu unaozuia gesi isivuje. Ukifukiza kiangazi, gesi hupotelea kwenye nyufa. Ukifukiza wamelala usingizi wa msimu, kindi amejizibia kwa udongo ndani na gesi haimfikii. Kitaalamu, basi, Machi ni mwezi mzuri.

Lakini msimu wa bundi kuzaliana California huhesabiwa kuanzia Februari 1 hadi Agosti 31, na kilele chake ni kati ya Aprili 15 na Julai 15. Jike hutaga mayai 6 hadi 11, huyaatamia kwa siku 28 hadi 30, na dume humletea chakula. Vifaranga huanza kuchungulia mlangoni wakiwa na wiki mbili, na huruka vizuri wakifika wiki sita hivi. Machi yako nzuri ya kufukiza ni Machi ya jike kuingia ndani na kutotoka.

Ushauri wangu ni kuhamisha uzito wa kazi badala ya kuusogeza tu mbele. Palipo na bundi, au ulipowahi kuwaona, gesi iondoe kabisa kwenye mpango. Tegemea mitego na, pale inaporuhusiwa, chambo chenye sumu cha kiangazi na mwanzo wa vuli, kindi wanapohama kutoka majani mabichi na kuanza kula mbegu. Ukiwawekea chambo cha nafaka Machi watakipita kama hakipo, kwa hiyo huna unachopoteza kwa kusubiri.

Kwa preridogi hesabu ni tofauti kidogo. Kwenye nyika za kaskazini bundi wengi huondoka vuli na kurudi Machi au Aprili. Chambo cha chlorophacinone cha preridogi, kwa mfano, lebo yake inaruhusu kati ya Oktoba 1 na Machi 15 tu. Kufanya kazi Desemba kwenye nyika yenye theluji hupunguza sana uwezekano wa kumkuta bundi. Kusini, ambako bundi hukaa mwaka mzima na wa kaskazini huja kujipumzisha, baridi si kinga. Bundi wa Januari naye hulala shimoni, tena bila kinyesi cha mapambo wala kifaranga wa kumtambulisha.

Ukaguzi: kutembea polepole kuliko unavyopenda

Huu ndio moyo wa kazi. Ukibana muda, bana kwingine.

Anza kwa mbali. Egesha gari, zima injini, tumia darubini kwa angalau robo saa kabla ya kukanyaga eneo. Gari husaidia kuliko miguu kwa sababu bundi wengi wa kando ya barabara wamelizoea, na mtu akishuka ndipo wanapotumbukia. Tazama juu ya vifusi, vigingi vya uzio, kingo za mifereji. Muda mzuri ni kuanzia mapambazuko hadi saa nne asubuhi, na tena saa mbili za mwisho kabla ya jua kuzama hadi giza linapoingia. Upepo mkali, mvua au baridi vikitanda, ahirisha. Siku hiyo bundi hatokei, nawe utaandika “hakuna” kwa makosa.

Kisha tembea kwa mistari sambamba, ukiacha mita 7 hadi 20 kati ya mstari na mstari, karibu zaidi pale nyasi zilipo ndefu. Kila baada ya hatua kadhaa simama, tazama mbele kwa darubini, halafu chini ya miguu. Mwongozo wa idara ya wanyamapori ya California wa mwaka 2012 unataka ziara nne wakati wa kuzaliana: moja kati ya Februari 15 na Aprili 15, na tatu nyingine, zikipishana wiki tatu au zaidi, kati ya Aprili 15 na Julai 15, walau moja ikiwa baada ya Juni 15. Wenye haraka huuona ni mwingi. Lakini ziara moja huona bundi wa siku moja. Jike anayeatamia na vifaranga walio chini hawahesabiki kwa mkupuo.

Mlangoni mwa shimo tafuta hivi:

Kinyesi kikavu cha ng'ombe, farasi au mbwa kilichosambazwa mbele ya shimo kama zulia. Bundi hukileta mwenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kinyesi hicho ni chambo: bundi wenye kinyesi mlangoni walikula mbawakavu wa mavi mara 10 zaidi ya wasio nacho. Ukiona samadi mdomoni mwa shimo mahali ambapo ng'ombe hawapiti, simama hapohapo. Wakati mwingine huchanganya na takataka, vipande vya karatasi, foili, kitambaa. Hakuna kindi anayepamba mlango.

Madonge ya matapishi, yenye urefu wa kiungo cha kidole hivi, yamejaa magamba ya wadudu yanayometa na mifupa myembamba ya panya. Lichukue moja, livunje kwenye kiganja chenye glavu. Kinyesi cha kindi ni punje kavu, hakina mifupa. Hili huwezi kulikosea ukishaliona mara moja.

Michirizi myeupe kama chokaa kwenye kifusi na kwenye vigingi vya karibu. Manyoya madogo ya kahawia yenye madoa. Miguu ya panzi, mabawa ya mbawakavu, maganda ya mayai. Nyayo zenye vidole viwili mbele na viwili nyuma au pembeni, tofauti na kindi ambaye huacha nyayo za vidole vingi vyenye kucha.

Utando wa buibui mzima, mkavu, uliovuka mdomo wa shimo, ni dalili kwamba hakuna aliyepita siku za karibuni. Lakini hiyo ni kwa mdomo huo tu. Shimo moja la kindi lina milango kadhaa, na jozi moja ya bundi hutumia mashimo kadhaa ya akiba, ambako vifaranga huhamia wakikua. Dalili kwenye mlango mmoja hulinda kundi zima la mashimo yaliyo jirani.

Sasa onyo ambalo sijaona likisisitizwa vya kutosha. Kifaranga wa bundi huyu akitishwa ndani ya shimo hutoa mlio unaofanana kabisa na nyoka mwenye njuga mkiani. Umeumbwa kudanganya koyote, yaani mbwa mwitu mdogo wa Marekani, na nyegere, na hudanganya watu pia. Mfanyakazi akisema “hili lina nyoka, nimelipiga gesi mbili,” hesabu hasara. Waambie kikosi chako mapema: shimo lenye njuga haliguswi, linawekewa alama, na anaitwa mtu wa kulitazama. Ikiwa ni nyoka kweli, hakuna aliyeumia.

Usitumie ile mbinu ya kuziba mashimo yote kwa udongo au karatasi ili kuona yapi yatafunguliwa. Kwa kindi inafanya kazi kwa sababu kindi ana kucha za kuchimba. Bundi aliyezibiwa ndani anaweza asitoke. Badala yake twanga udongo laini, unyunyizie mdomoni kama unga, urudi kesho yake usome nyayo. Au funga kamera ya kunasa wanyama kwenye kigingi kifupi kwa siku tatu mfululizo. Kamera ya mrija ya kuingiza shimoni ni nzuri mikononi mwa mtaalamu mwenye kibali, ila nayo hukwama kwenye kona. Picha ya shimo tupu hadi mita moja na nusu haikuambii kilichopo kwenye mita ya pili.

Alama na umbali

Kila shimo lenye dalili lipewe namba, nukta ya GPS na kigingi chenye utepe. Usisimike kigingi kirefu karibu na mlango: mwewe atakigeuza kiti cha kuwindia, na utakuwa umemjengea adui mnara. Weka alama fupi, zisizovuka goti, na uzisogeze mita kadhaa kutoka mdomoni.

Umbali wa kukaa mbali na shimo ambao idara ya California ilipendekeza mwaka 2012 hutegemea ukubwa wa usumbufu na tarehe. Aprili 1 hadi Agosti 15 ni mita 200 kwa usumbufu mdogo na mita 500 kwa wa kati na mkubwa. Agosti 16 hadi Oktoba 15 ni mita 200 kwa mdogo na wa kati, 500 kwa mkubwa. Oktoba 16 hadi Machi 31 ni mita 50, 100 na 500. Utaona jedwali linaanza Aprili ilhali msimu wa kuzaliana unaanza Februari. Mimi ningechukua umbali mkubwa tangu Februari 1, maana jozi inayochagua nyumba hutishika upesi kuliko iliyokwisha kutaga.

Namba hizo ni za kelele, watu na mashine. Gesi haina “usumbufu mdogo”: ndani ya mpaka huo, kwangu mimi, gesi haiingii msimu wowote.

Kuchagua silaha

Gesi. Alumini fosfidi ikikutana na unyevu hutoa fosfini. Katriji hutoa moshi wenye monoksidi ya kaboni. Mashine za kisasa husukuma monoksidi hiyo moja kwa moja. Zote zina hukumu moja: kilichomo ndani kinakufa, awe kindi, bundi, mbweha mdogo wa nyika au salamanda. Fosfini huua watu pia, ndiyo maana vidonge vyake huuzwa kwa wenye cheti tu na haviruhusiwi karibu na majengo wanamokaa watu au wanyama, umbali usiopungua futi 100, yaani mita 30 hivi. Mashine zinazolipua mchanganyiko wa gesi ndani ya shimo ziko kundi hilihili, na zinabomoa nyumba juu ya kuua.

Sumu za kuzuia damu isigande. Kindi hula kwa siku kadhaa, hufa baada ya siku kadhaa, na katikati hapo hutembea taratibu juani akiwa amebeba sumu mwilini. Bundi mwenyewe hamudu kindi mkubwa, lakini panya na wadudu waliokula chambo hicho huwamudu vizuri, na mizoga huvuta mwewe na koyote. Kama sheria na lebo vinaruhusu, weka ndani ya vituo vilivyofungwa, mbali na mashimo yenye alama, na usimwage juu ya ardhi.

Zinki fosfidi huua haraka, ndani ya siku moja kwa kawaida, na haikusanyiki katika nyama ya mnyama, hivyo hatari ya kumfikia mla-mzoga ni ndogo zaidi. Udhaifu wake ni kindi mjanja: akionja kidogo na kuumwa, hatarudi. Ndiyo maana hutangulizwa shayiri safi isiyo na sumu kwa siku mbili tatu, na wakishaizoea ndipo ya sumu inawekwa mara moja. Kwa mahali penye bundi jirani, kati ya sumu zote, ningeanzia hapa.

Mitego. Ni kazi ya mikono na inachosha, lakini ndiyo ninayoiamini karibu na bundi. Tumia mtego wa boksi au wa handaki wenye chambo ndani, uliowekwa pembeni ya njia ya kindi. Mtego wa kubana mwili uliosimikwa mdomoni mwa shimo usiutumie kamwe mahali pasipothibitishwa, maana haubagui nani anatoka. Kagua mitego asubuhi na jioni, na uifunge kabla ya machweo kwa kuwa kindi ni wa mchana. Ukitumia mitego ya kukamata hai, usihamishie kindi kwingine. California hilo linahitaji kibali.

Kulima kwa kina kuvunja mashimo huwazuia kindi wapya wasirudi kwenye mashimo ya zamani. Kwa trekta, hata hivyo, shimo lenye vifaranga na shimo tupu ni kitu kimoja. Lima baada ya ukaguzi wa msimu usio wa kuzaliana, si kabla.

Na jambo moja linaloonekana jema: kusimika nguzo ndefu ili mwewe wapunguze kindi. Shambani mbali na bundi, sawa. Karibu nao unawaalika wale wanaowala.

Siku ya kazi

Ukaguzi wa wiki mbili zilizopita hautoshi. Bundi huhama shimo kwa usiku mmoja. Asubuhi ya kazi pita tena, tazama kila mdomo kabla ya kuutendea. Mtu mmoja atazame, mwingine atende. Mtazamaji asiwe na koleo wala boksi mkononi, kwa sababu mwenye koleo huharakisha. Anasimama nyuma kidogo na darubini, anaangalia mbele mita 100, si shimo lililo miguuni. Kazi yake ni kumwona ndege kabla hajashuka. Akimwona akishuka, anaonyesha shimo kwa kidole na hatoi jicho hapo mpaka alama imewekwa. Mashimo hufanana, na ukigeuza kichwa umelipoteza.

Zungukeni mkielekea eneo lenye alama mwishoni, msianzie hapo. Magari yabaki barabarani, maana tairi la pikapu huporomosha handaki la chini. Shimo lenye shaka linaachwa, na msimamizi asimuulize mtu kwa nini aliliacha.

Baada ya chambo, rudini kutafuta mizoga kwa kadiri lebo inavyotaka, siku hadi siku, si mara moja. Vaeni glavu, kwa sababu viroboto wa preridogi na kindi wanaweza kubeba tauni. Mizoga ifukiwe kwa kina kinachotakiwa na lebo, lakini isitupwe kwenye mashimo yaliyo wazi.

Pale bundi alipo kwenye tuta lisiloweza kusubiri

Itatokea. Tuta linavuja, wahandisi wanataka shimo lizibwe, na ndani kuna jozi. Wakati wa kuzaliana hakuna njia ya kuwatoa. Unalinda tuta kwa namna nyingine mpaka vifaranga waruke, na mtaalamu ndiye anayetangaza wameruka. Nje ya msimu, Septemba hadi Januari, wataalamu wenye idhini huweka milango ya upande mmoja: bundi hutoka, hawezi kurudi. Mlango hukaa saa 48 au zaidi ukiangaliwa, kisha shimo huchimbuliwa kwa mkono, si kwa mashine, kuhakikisha hakuna aliyebaki. Si kazi ya fundi wa kindi, hata mwenye uzoefu wa miaka 20. Na bundi aliyefukuzwa bila pa kwenda huhamia shimo la jirani, ambalo nalo liko kwenye orodha yako.

Kwa hiyo kabla ya kuondoa, jenga. Shimo bandia ni boksi la plastiki lililofunuliwa chini, kama yale ya valvu za umwagiliaji, likiwa juu ya udongo mtupu, na bomba la plastiki lenye matundu, kipenyo cha sentimita 10 hadi 15, urefu wa mita mbili hadi tatu. Lipe bomba kona moja walau, ili mwanga usifike chumbani. Liinamishe kidogo kuelekea mlangoni ili maji ya mvua yatoke badala ya kuingia. Funika boksi kwa udongo wa kutosha kuzuia joto la Julai. Zungushia mawe mlangoni dhidi ya mbwa na nyegere. Fyeka nyasi, halafu kila Januari rudi utoe udongo uliojaa bombani, kwa sababu shimo bandia halina kindi wa kulizibua.

Hapo ndipo utaona hasara ya kumaliza kindi wote. Kindi wachache waliobakizwa kwenye malisho au ukingo wa mfereji usio na hatari hufanya kazi hiyo bure, mwaka mzima. San Diego watafiti wamefikia hatua ya kuhamishia kindi kwenye maeneo ya hifadhi ili kuwarudishia bundi makazi. Mkulima wa jirani angecheka, lakini hesabu iko wazi: dhibiti palipo na mazao na matuta, bakiza mahali ambapo shimo halimdhuru mtu, na uandike mpaka huo kwenye ramani ili kikosi cha mwaka ujao kisije kukamilisha ulichokusudia kuacha.

Ikitokea ajali

Ukigundua bundi ameingia shimo ulilokwisha kutia katriji, lifungue mara moja ukiwa umesimama upande upepo unakotoka, kisha jiondoe. Kama ni fosfini usiinamie wala kuingiza mkono. Gesi hiyo haikupi onyo la pili. Bundi aliyelegea juani, mwenye kinywa cheupe au damu kwenye manyoya, anaweza kuwa na sumu ya kuzuia damu kuganda, na hutibika kwa vitamini K akiwahishwa. Mfunike kwa kitambaa, muweke kwenye boksi la karatasi lenye matundu, gizani na kimya, usimpe chakula wala maji, na mpeleke kituo cha kuhudumia wanyamapori chenye leseni. Kisha ita idara ya wanyamapori kabla ya kumwita mwenye shamba, andika namba ya shimo, saa na kilichotumika, na usilifukie mpaka wafike.